Nani Atashinda Aintree? Tazama Kwanza Mzigo Mgongoni

Ndugu askari, katika nchi zenye desturi ya mbio za farasi, gazeti la asubuhi ya siku ya mashindano halikosi ukurasa wa utabiri. Humo huorodheshwa farasi wote watakaokimbia, umri wao, majina ya wapandaji wao na uzito watakaobeba. Kisha mwandishi, baada ya kukuna kichwa, humtaja yule anayedhani kuwa atatangulia. Jioni yake husifiwa au huchekwa. Kazi hiyo haiko mbali sana na ile ya afisa anayeinamia ramani usiku wa kuamkia mapambano: huyahesabu anayoyajua, huyakisia asiyoyajua, na hapana budi atoe uamuzi kabla ya jua kuchomoza.

Makala haya yataifanya kazi hiyo mbele yako. Lakini badala ya kutabiri mbio za kesho, ambazo leo hakuna awezaye kutusahihisha, tutarudi nyuma hadi Jumamosi ya tarehe 31 Machi 1973, kwenye uwanja wa Aintree, karibu na mji wa Liverpool, Uingereza. Siku hiyo zilikimbiwa mbio ziitwazo Grand National, ambazo ni mashuhuri kupita zote za farasi wa kuruka viunzi. Tutawapima farasi kama mtabiri alivyoweza kuwapima asubuhi ile. Wewe utamchagua wako. Halafu tutatazama yaliyotokea. Faida ya njia hii ni kwamba mwisho wake umekwisha kuandikwa, wala mwandishi hana nafasi ya kujitetea.

UWANJA

Mtabiri mwema huanza na ardhi kabla ya kuwatazama farasi. Mbio hizi zilikuwa za maili nne na nusu hivi, yaani zaidi ya kilomita 7. Farasi huuzunguka uwanja mara mbili na kuruka viunzi 30: 16 katika mzunguko wa kwanza, na 14 katika wa pili. Viunzi hivyo hufunikwa matawi ya msonobari, na vingine vina mtaro mbele au nyuma yake.

Kimoja huitwa Becher's Brook, kwa jina la Kapteni Martin Becher, ambaye mwaka 1839 alirushwa na farasi wake akatumbukia katika mtaro uliokuwapo mahali hapo. Pale farasi huruka akidhani ardhi ya upande wa pili ni sawa na ile aliyotoka, kumbe iko chini zaidi. Asiyejizuia vizuri hutanguliza pua. Kingine huitwa The Chair, ambacho ni kirefu kuliko vyote, na mbele yake kuna mtaro mpana. Hicho hurukwa mara moja tu.

Baada ya kiunzi cha mwisho hubaki mbio tupu za mita 450 hivi mpaka kwenye mstari wa ushindi. Tafadhali uweke moyoni umbali huo, maana tutaurudia.

MZIGO

Jambo la pili ni uzito. Grand National si mbio za farasi wote kubeba sawa. Yuko afisa ambaye kazi yake ni kupima sifa za kila farasi na kumpangia mzigo: aliye bora hutwishwa mwingi, na aliye dhaifu hutwishwa mchache, ili, kwa nadharia, wote wafike mwisho kwa pamoja. Uzito huo ni wa mpandaji na tandiko lake. Na ukipungua, huongezwa vipande vya madini ya risasi mpaka utimie. Desturi hii haiko Ulaya tu. Hata katika uwanja wa Ngong mjini Nairobi, ambapo farasi hukimbia bila viunzi, mbio nyingi hupangwa kwa mizigo ya namna hiyo.

Askari haoni ugeni katika kanuni hii. Kikosini, mwenye mabega mapana ndiye anayekabidhiwa bunduki ya rashasha, na mwembamba hubeba yake ndogo. Wote wawili hutakiwa kufika kilimani saa ile ile. Akifika wa pili yule mwenye rashasha, nani aliyekwenda vizuri zaidi? Hilo ndilo swali la makala haya yote.

FARASI WA KUTAZAMWA

Farasi 38 waliandikishwa kukimbia siku hiyo. Hatuwezi kuwaeleza wote. Tuwachukue watano ambao mtabiri asingaliweza kuwapita bila ya kuwataja.

Crisp. Ana miaka 10, mzigo ratili 168, mpandaji Richard Pitman. Ni farasi mrefu, mwenye rangi iliyokaribia weusi, aliyezaliwa Australia. Mwaka 1971 alishinda huko Cheltenham mbio za mabingwa za maili mbili, akaonyesha kasi ambayo wachache waliweza kuifuata. Mwalimu wake ni Fred Winter, aliyeshinda Grand National mara mbili akiwa mpandaji, na mara mbili tena akiwa mwalimu. Hoja ya kumpinga ni mbili: umbali huu ni zaidi ya mara mbili ya ule uliompa sifa, na mzigo wake ndio wa juu kabisa.

Red Rum. Ana miaka 8, mzigo ratili 145, mpandaji Brian Fletcher, ambaye alishinda mbio hizi mwaka 1968 juu ya farasi mwingine. Red Rum alizaliwa Ireland. Kwa mara ya kwanza alikimbia hapa hapa Aintree mwaka 1967, katika mbio fupi za kilomita moja hivi zisizo na viunzi, akafika sawasawa na mwenzake hata ushindi ukagawanywa. Kisha alipita mikono mingi, akapata ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato. Mwaka 1972 alinunuliwa na Ginger McCain, mtu aliyekuwa akiendesha teksi na kuuza magari yaliyokwisha kutumika katika mji wa Southport, na ambaye banda lake la farasi lilikuwa nyuma ya duka hilo la magari. McCain hakuwa na viwanja vya mazoezi. Alimkimbiza farasi wake ufukoni, juu ya mchanga, na kumtembeza katika maji ya bahari. Kwato zikapata nafuu, na ushindi ukaanza kufuatana.

L'Escargot. Ana miaka 10, mzigo ratili 168 kama Crisp, mpandaji Tommy Carberry. Jina lake kwa Kifaransa maana yake ni konokono, lakini konokono huyu alikwisha kushinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham mwaka 1970 na tena 1971. Mwaka 1972 alijaribu Grand National, asifike mbali. Ni farasi wa heshima, ila viunzi vya Aintree bado havijamkubali.

Spanish Steps. Ana miaka 10, mzigo ratili 167. Huyu ni mtumishi mwaminifu: hachoki upesi, haogopi viunzi, na ni mara chache kumkosa miongoni mwa wanaofika mwisho. Hoja ya kumpinga ni kwamba uaminifu na ushindi si kitu kimoja.

Grey Sombrero. Ni farasi wa rangi ya kijivujivu, apendaye kutangulia tangu mwanzo. Farasi wa namna hii huwatisha wenzake, lakini mara nyingi hujitisha na yeye mwenyewe, kwa kuvifikia viunzi kwa kasi isiyompa nafasi ya kupima.

UTABIRI

Wachukua dau waliwapanga Crisp na Red Rum sawa kileleni, tisa kwa moja kila mmoja. Maana yake, aliyeweka shilingi 10 juu ya mmoja wao, na akashinda, angepokea faida ya shilingi 90 pamoja na shilingi zake 10. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu, jambo linalompendeza mwenye kasi.

Hebu tusikilize mabishano ya bwalo. Koplo mmoja atasema: “Mimi namtaka Crisp. Bora ni bora, hata ukimfunga jiwe.” Sajini atamjibu: “Kijana wangu, umewahi kwenda maili ishirini na shanta ya mwenzio juu ya shanta yako? Tofauti ya Crisp na Red Rum ni ratili 23. Hizo ni zaidi ya kilo 10. Ni kama bunduki mbili pamoja na risasi zake. Katika maili ya kwanza hutazisikia. Katika maili ya nne utazitaja kwa majina.”

Wote wawili wana haki. Mtabiri wa asubuhi ile, akifuata sifa, angemtaja Crisp. Akifuata hesabu, angemtaja Red Rum. Nawe umchague wako sasa, kabla ya kuendelea kusoma.

MBIO ZENYEWE

Crisp hakungoja. Mapema katika mzunguko wa kwanza alikwisha kushika mbele, Grey Sombrero akiwa karibu naye. Walipofika The Chair, Grey Sombrero alianguka, akavunjika bega, ikabidi auawe kwa kuhurumiwa. Haifai mwandishi wa mbio kulipita jambo hilo haraka haraka: mchezo huu una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mnyama ambaye hakuulizwa. Katika miaka ya karibuni wasimamizi wa Aintree wameondoa miti migumu iliyokuwa ndani ya viunzi, na tangu 2024 farasi wanaoruhusiwa kukimbia hawazidi 34.

Baada ya hapo Crisp alibaki peke yake. Alikuwa akivivuka viunzi kana kwamba vimelazwa chini, na kila kimoja kilimwongezea nafasi. Katika mzunguko wa pili alikuwa ametangulia kwa zaidi ya urefu wa farasi ishirini. Katika kundi lote la nyuma, mmoja tu ndiye aliyetoka kumfuata, naye ni Red Rum. Brian Fletcher hakuwa na haraka ya mtu aliyepagawa. Alikuwa akikata nafasi ile kidogo kidogo, kama mfuatiliaji wa nyayo ajuaye kwamba anayemfuata amebeba kitu kizito.

Walipokaribia viunzi viwili vya mwisho, bado ilionekana kuwa mambo yamekwisha. Crisp aliruka cha mwisho akiwa mbele kwa urefu wa farasi wengi. Zikabaki zile mita 450.

Hapo ndipo ratili 23 zilipozungumza. Miguu ya Crisp ililegea, na mwendo ukapoteza unyofu wake. Pitman aliinua kiboko kwa mkono wa kulia. Farasi akapinda upande wa kushoto, nje ya njia, ikabidi arudishwe, na kila hatua ya kurudishwa ilikuwa hatua iliyopotea. Baadaye Pitman mwenyewe alikiri hadharani, mara nyingi, kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Nyuma, Red Rum alikuwa akija kwa mwendo ule ule aliokuwa nao tangu mwanzo. Hatua chache tu kabla ya mstari alimfikia, akampita, akashinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi mmoja.

Muda ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9. Uliipunguza rekodi ya Golden Miller, iliyosimama tangu mwaka 1934, kwa zaidi ya sekunde 18. Crisp naye, aliyeshindwa, alikuwa ameivunja rekodi hiyo hiyo. L'Escargot alifika wa tatu, urefu wa farasi 25 nyuma yao, na Spanish Steps wa nne. Hivyo, katika watano tuliowataja, wanne walishika nafasi nne za kwanza. Mtabiri aliyewataja hao asubuhi alistahili chai yake. Lakini aliyeweka fedha zake zote kwa Crisp alirudi nyumbani kwa miguu.

NANI ALIYEKUWA BORA?

Wapo walionong'ona kwa dhihaka kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hiyo ni njema, ila kwa Crisp haikuwa haki. Mnamo mwezi wa Novemba mwaka ule ule, farasi hao wawili walikutana tena kwenye uwanja wa Doncaster, safari hii wakiwa wamebeba mizigo iliyo sawa. Crisp alishinda kwa urefu wa farasi wanane. Koplo wetu, basi, hakusema uongo: aliye bora alikuwa bora. Wala sajini hakukosea: siku ya Aintree, kilichoamua ni mzigo.

Je, Red Rum alikuwa mwizi wa ushindi? Jibu la swali hilo alilitoa mwenyewe. Mwaka 1974 afisa wa mizigo alimtwisha ratili 168, mzigo ule ule uliomwelemea Crisp. Wengi walisema kwamba sasa ataonja. Aliubeba, akaruka viunzi vyote 30, akamshinda L'Escargot kwa urefu wa farasi saba. Mwaka 1975 L'Escargot alilipiza kisasi, na Red Rum akawa wa pili. Mwaka 1976 akawa wa pili tena. Mwaka 1977, akiwa na miaka 12, umri ambao farasi wengi wa mbio wamekwisha kupumzishwa, alishinda kwa mara ya tatu, kwa urefu wa farasi 25, akipandwa na Tommy Stack. Hakuna farasi mwingine aliyekwisha kushinda Grand National mara tatu kwa uhakika wa kumbukumbu kama yeye. Alikufa mwaka 1995 akiwa na miaka 30, akazikwa Aintree, karibu na mstari ule ule alipompita Crisp.

Aliyeshinda akiwa na mzigo mwepesi hana deni, mradi siku ya kutwishwa mzito asiukimbie. Hiyo ndiyo heshima ya Red Rum. Na aliyeshindwa akiwa na mzigo mzito hana aibu, mradi aliubeba mpaka mwisho. Hiyo ndiyo heshima ya Crisp, na ndiyo sababu watu waliomwona siku ile humsifu mpaka leo pamoja na aliyemshinda.

NENO JUU YA DAU

Msomaji atauliza: basi, ikiwa sasa tunajua kutazama ardhi, mzigo, umri na mpandaji, mbona tusiende kuweka dau? Jibu liko katika mwaka 1967, kwenye uwanja huo huo. Farasi 44 walikuwa wakikimbia. Kwenye kiunzi cha 23, farasi mmoja aliyekwisha kumwangusha mpandaji wake alikatiza ghafla mbele ya wengine. Wakagongana, wakasimama, wakageuka, kiunzi chote kikawa kama sokoni. Nyuma kabisa alikuwako farasi mmoja aitwaye Foinavon, aliyewekwa mia kwa moja, ambaye hata mwalimu wake alikuwa amekwenda kwenye mbio za uwanja mwingine siku hiyo. Kwa kuwa alikuwa nyuma, alipata nafasi ya kuona upenyo. Akapita, akaenda peke yake, akashinda. Hakuna ukurasa wa utabiri uliokuwa na hesabu ya kitu kama hicho, wala hautakuwapo.

Na hesabu ya mchukua dau haina huruma. Mtu aliyeweka shilingi 10 juu ya kila mmoja wa wale farasi 38 wa mwaka 1973 alitoa shilingi 380. Red Rum aliposhinda, alirudishiwa 100. Alikuwa na mshindi mkononi, hata hivyo akapoteza 280.

Mshahara wa askari una wenyewe kabla haujafika: ada ya shule, unga, kodi ya nyumba, mama aliyeko kijijini. Anayeupeleka kwa mchukua dau huwawekea hao wote mzigo ambao hawakuupima. Na liko jambo baya zaidi. Polisi mwenye deni la kamari hawezi kumkamata anayemdai. Na mwanajeshi mwenye deni hilo kwa mlinzi wa ghala amekwisha kumkabidhi nusu ya ufunguo. Mchezo wa farasi hauna hatia katika hayo. Mtu anaweza kuutazama, akabishana bwaloni, akamtaja mshindi wake kwa sauti kuu, na akikosea alipe kikombe kimoja cha chai.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tuonavyo tukiwa pembeni. Kwa hiyo, safari ijayo utakapomwona mtu amefika wa pili, awe farasi uwanjani au askari mwenzako gwarideni, usiulize tu nani alimpita. Uliza pia alikuwa amebeba ratili ngapi.